Mrejesho: mtali wa bibi uliotiwa bati

Asalaam alaykum. Mimi ndiye nilouliza kama mtali (bangili ya mguuni) wa fedha wa marehemu bibi, uliokatika karibu na kifungo na fundi redio mmoja akaulehemu kwa bati, unatengenezeka. Mlonambia niupeleke kwa sonara, ahsanteni sana. Mlosema niuuze kwa uzani, hapana jamani.

Nimetoka nao Wete mpaka Mji Mkongwe. Sonara kuuona tu akaguna. Kumbe bati lile lina madini ya risasi ndani yake, na ukilipeleka kwenye moto mkali linaitafuna fedha, panabaki vishimo. Basi kazi kubwa ikawa kulikwangua kwa tupa na msasa mpaka chembe ya mwisho. Saa nzima nimekaa kigodani namtazama. Kulehemu kwenyewe hata dakika tano hakukufika: unga wa boraksi wa kusaidia lehemu ishike, kijipande cha fedha iliyochanganywa na shaba na zinki ili kiyeyuke kabla ya mtali wenyewe (fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi 962), moto, basi.

Ulitoka mweusi kama sufuria ya kuni, roho ikanipasuka. Akautia kwenye tindikali ya moto, akausugua kwa brashi, nikamuona bibi.

Nakshi zilizolika hakuzigusa, kasema akizichonga upya zitapishana na zile za zamani. Nimekubali. Mama kauvaa tangu Ijumaa, hata kulala halali bila yake.