Mjadala: Chuo kichungulie mtandao wa mwanafunzi hadi wapi?

MLETA MADA: Wadau, tulijadili hili bila kurushiana mawe. Siku ya usajili nilipanga foleni tangu asubuhi: risiti ya ada, picha za pasipoti, fomu ya daktari. Dirisha la mwisho nikasukumiwa sera ya matumizi ya TEHAMA, kurasa nne za Kiingereza. "Saini, wenzako wanasubiri." Nikasaini.

Mwaka wa tatu, nikiwa katikati ya ripoti ya utafiti, akaunti yangu ikafungwa wiki mbili. Kosa: torenti, ile njia ya kushusha mafaili makubwa vipande vipande toka kompyuta za watu wengine. Aliyeshusha muvi ni mwenzangu wa geto, nilimpa paswedi alipoishiwa bando. Hapo sina utetezi. Kilichonishtua ni ofisini, walipogeuza kompyuta nikaona orodha ya kila tovuti niliyopitia mwezi mzima, hata ile ya ushauri wa ugonjwa ambao sijamwambia hata mama yangu. (Chuo ni cha hapahapa Moshi, sikitaji.)

Msimamo wangu: mtandao ugawanywe, watu wasichunguzwe. Kila mtu apewe gigabaiti 2 kwa siku, akizimalizia kwenye muvi shauri yake. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa aseme ni za nini, na asikae nazo kupita haja. Zile kurasa nne zimenikataza mambo chungu nzima, ila wao wanakusanya nini hazigusi.

CHALII WA SAKINA: Paswedi umegawa mwenyewe, unalia nini sasa? Huku Arusha chuo chetu kinafunga YouTube mchana, halafu saa nne asubuhi mhadhiri anatuma linki ya somo, iko wapi? YouTube! Darasa zima tunapita kwa VPN, ile programu ya kuficha unakopita mtandaoni. Na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, walitaka wanaotumia VPN wajiandikishe. Yaani sheria ya chuo inakukimbiza kosa dogo ukajikwae kwenye kubwa.

MAMA WAWILI: Wanangu, mimi ndiye nalipa hiyo ada. Mwaka juzi binti wa jirani yangu alisambaziwa picha za aibu na mtu aliyetumia mtandao wa hosteli. Mhuni huyo alipatikana kwa sababu chuo kilikuwa na kumbukumbu za nani aliingia mtandaoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawaruhusu polisi kuzidai kwenye upelelezi, lakini watadai nini kama chuo hakikuweka kitu? Faragha yako naiheshimu, ila na yule binti ana yake.

MLETA MADA: Shikamoo mama. Hapo umenibana. Nadhani kujua nani aliingia saa ngapi kunatosha kumkamata mhuni. Nilichosoma mimi usiku kinamsaidia nani?

FUNDI WA SEVA: Kazi hii naifanya, acha niseme tunachoona. Tovuti yenye alama ya kufuli inatuonyesha jina lake na saa uliyoingia. Ulichoandika ndani hatukioni. Kwa hiyo kijana, jina la ile tovuti tuliliona, maswali yako hapana. Najua haikupunguzii aibu.

Gigabaiti 2 kwa wote, hapana. Anayeshughulika na ramani za setilaiti au picha za hospitali anazimaliza kabla ya chai. Na torenti ina ubaya wake: wakati inashusha inapandisha pia, na inafungua miunganiko mamia kwa mpigo, jengo zima linakwama.

Tena chuo kizima kinatoka nje kwa anwani chache tu za mtandao (IP), wa nje hawezi kujua ni nani kati yetu. Mwaka 2010 pale chuo cha MIT, Marekani, kijana mtaalamu wa kompyuta Aaron Swartz aliposhusha kwa wingi makala za JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, JSTOR ilikata huduma kwa MIT yote kwa siku kadhaa. Maprofesa wasiohusika nao wakakosa makala. Nisipojua ni nani kati yenu, nawafungia wote. Huo ndio ugomvi wangu na hoja yako ya "msituchunguze".

CHALII WA SAKINA: Na YouTube?

FUNDI WA SEVA: Hilo tulifanya kwa uvivu. Kupunguza kasi kungetosha.

MLETA MADA: Kaka fundi, la anwani nimekuelewa, narudi nyuma kidogo. Swali moja tu. Hizo kumbukumbu mnakaa nazo muda gani?

FUNDI WA SEVA: Mpaka diski ijae.