Mrejesho: Bessa R3M toleo maalumu nimeinunua

Ndugu zangu, niliwauliza kama inafaa kulipa zaidi kwa kamera ya filamu ya Voigtländer Bessa R3M ya "250 Jahre", toleo la kumbukumbu ya miaka 250 tangu kampuni hiyo ianzishwe Vienna mwaka 1756, ilhali mashine ya ndani ni ileile ya R3M ya kawaida iliyotengenezwa na kampuni ya Cosina ya Japani. Wengi mlinishauri nisihangaike na maandishi ya juu, bali nikague kwanza renjifainda, yaani kifaa cha kupimia umbali kwa kulinganisha taswira mbili za kitu kimoja. Nilimwomba muuzaji tukutane hapa Arusha asubuhi, Mlima Meru ukiwa wazi, nikaweka lenzi kwenye umbali usio na kikomo na kuelekeza kamera kileleni. Taswira mbili zikalaliana bila kupishana juu wala pembeni. Kisha nikatoa betri, nikafyatua shata (pazia linaloruhusu mwanga kufikia filamu) kwa kasi zote, kwa kuwa katika modeli hii betri huendesha kipimamwanga tu, na zote zikaitika. Bei tulishushana kidogo kwa sababu boksi lake halikuwepo, jambo ambalo kwangu mpiga picha si hasara, ingawa mkusanyaji angenuna. Kioo cha kutazamia kinaonyesha vitu kwa ukubwa wake halisi, hivyo ninapiga picha macho yote mawili yakiwa wazi, raha niliyoitarajia. Ila kwa sisi wavaa miwani, fremu ya lenzi ya milimita 40, yaani mstari unaoonyesha mipaka ya picha ndani ya kioo hicho, iko pembezoni mno, na hulazimika kuzungusha jicho ili kuona kingo zake.