Tupeane uzoefu: mtoto ameitwa chuo kikuu Nairobi, atalala wapi?

Mzazi, Kondele: Binti yangu ameitwa na KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, kusomea udaktari Nairobi. Ya karo nimeyaelewa: amewekwa kwenye bendi, yaani kundi la kipato cha familia, kuna ufadhili, kuna mkopo. Kinachoninyima usingizi ni chumba. Mabweni hayatoshi, na mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti kabla mtoto hajaweka begi chini. Pesa ya matumizi ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, mara nyingi huingia masomo yameshaanza. Mimi nauza omena, kutoa pesa hizo kwa mkupuo siwezi. Mlionitangulia, mlifanyaje? Tajeni na kiasi, tafadhali.

Aliyesoma Nairobi, sasa Kakamega: Mama, mimi niliingia 2014, karo ya waliolipiwa na serikali ikiwa 16,000 kwa mwaka, na mkopo wa HELB kati ya 35,000 na 60,000 kwa mwaka. Bweni nilikosa. Vyumba viligawiwa mtandaoni, na kwetu mvua ikinyesha mtandao hupotea; ulipofunguka, vilikuwa vimekwisha. Tukapanga mtaa wa Ngara watu watatu, 12,000 kwa mwezi. Kwa miezi minne tu, mchango wangu wa kodi ulifikia karo ya mwaka mzima! Kitanda kilikuwa kimoja, tukalala kwa zamu, wengine sakafuni. Wenzetu wa Nairobi walirudi kwao jioni, wakala, wakasoma. Na mtihani ni uleule.

Baba, Molo: Wangu aliomba uhamisho, yuko Chuo Kikuu cha Egerton, amepanga Njokerio, karibu na chuo. Mahindi na maharagwe anachukua nyumbani. Lakini ilibidi abadilishe kozi, na alama za ile aliyoitaka alikuwa nazo. Linaniuma mpaka leo.

Mwalimu, Vihiga: Basari ya CDF, mfuko wa eneo bunge, cheki huandikwa kwa jina la chuo. Mwenye nyumba haimfikii hata shilingi. Kwenye harambee nako watu huuliza karo ni ngapi, ya malazi hakuna anayeuliza. Siku hizi kwenye kadi zetu za mchango tunaandika wazi: kodi na dipoziti. Watu wanatoa, mama, ukiwaambia.

Mzazi, Kondele: Asanteni sana. Kadi nitaiandika hivyo. Kama kuna mzazi mwingine mwenye binti anayeingia mwaka wa kwanza Nairobi, awe Ahero, Luanda au Busia, aandike hapa tuwatafutie chumba kimoja.