Mende jikoni, Lamu: karafuu na ubani vyasaidia kweli?

Bi_Vitumbua
Assalaam aleikum wenzangu. Napika vitumbua na mahamri vya kuuza hapa Mkomani, jikoni kwangu ni chini, nyumba ya mawe ya zamani. Unga nauacha uumuke usiku, alfajiri niko mekoni. Nikiwasha taa tu, watawanyika: ukutani, nyuma ya mtungi wa gesi, hata kwenye mbuzi ya nazi! Wengi ni wale wadogo wa kahawia. Wakubwa hutoka chooni mmoja mmoja.

Dawa ya kupuliza siitaki karibu na chakula cha watu. Mavyaa ashanijazia karafuu zidaka zote, na kila magharibi anafukiza ubani. Nyumba yanukia kama ya bibi harusi, lakini sasa mende nawakuta chumbani, kwenye kabati la nguo. Jirani asema mchaichai, mwengine mafuta ya mnanaa. Ipi ya kweli?

Nahodha_wa_Shela
Wajisumbua bure dada. Puliza dawa, funga mlango, toka na watoto, rudini jioni.

Mpishi_Mstaafu_Malindi
Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nimezeekea majikoni mwa hoteli hapa Malindi, na mende nawajua kuliko wageni waliokuwa wakija kula. Nahodha, nyingi ya hizo dawa za kupuliza nazo huwatawanya tu. Wale waliojificha ndani ya nyufa haziwapati.

Mavyaa wako ana lake. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho yujenoli, na mende hakitaki. Mnanaa, mkalitusi na mchaichai nazo huwasogeza. Lakini wasogea waende wapi? Harufu ikiwa kali jikoni, wanatafuta pasiponuka, ndio hao wa kabatini. Tena harufu haikai. Kaskazi ikivuma, ubani wa magharibi hata isha haufiki. Na karafuu kavu kidakani ndiyo dhaifu kuliko zote.

Harufu ya kuanza nayo ni yao wenyewe. Vile vidoadoa vyeusi kwenye bawaba za kabati na pembe za meza ni mavi yao, na yana harufu inayowaita wenzao kuwa hapa ndipo makao. Ukitia karafuu juu yake, unawaambia karibuni na tokeni kwa wakati mmoja. Sugua kwa maji moto na sabuni, nyuma ya mtungi na chini ya meza hasa. Katoni zinazovuka na mashua kutoka Mokowe zisilale ndani, maana hao wadogo husafiri nazo. Toa vitu, katoni itupe.

Watazame vizuri: wana mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, sivyo? Hao ni wa ndani hasa. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 mpaka 40 mpaka yakaribie kuanguliwa, kwa hiyo kuwapiga na kandambili hakuwamalizi. Wale wakubwa ni wa mtaroni, tundu la maji lifunike kwa wavu.

Machicha ya nazi yatoke usiku huo huo. Maji zaidi. Mende aweza kukaa mpaka mwezi bila chakula, bila maji haendi mbali. Bomba linalodondoka na kitambaa kibichi juu ya meza ndiyo riziki yake.

Sasa, wewe una chambo ambacho wengi hawana: unga uliochacha. Mende huifuata sana harufu ya chachu. Twaa chupa ya jemu, tia unga wa vitumbua kidogo, shingo kwa ndani ipake samli, nje izungushie kitambaa wapate pa kupandia. Iache imegusa ukuta usiku. Wakiingia, kutoka wanateleza. Asubuhi mimina maji ya sabuni humo.

Wa kwenye nyufa za boriti hawataki chupa. Hao wapelekee poda ya asidi boriki iliyochanganywa na sukari, vumbi jepesi tu, ndani ya nyufa na nyuma ya makabati, kamwe si mahali pa chakula. Wanalila na kulikanyaga, wakijisafisha miguu wanalimeza tena, wanakufa polepole. Na hapo pasiwe na karafuu hata moja, wasije wakakikwepa chambo.

Bi_Vitumbua
Ahsante sana baba. Lakini mavyaa nimwambieje karafuu zitoke? Kazinunua kwa pesa zake.

Mpishi_Mstaafu_Malindi
Usimwambie zitoke, mwambie zihamie chumbani. Zifunge kwenye vitambaa, zitie kabatini, na ubani afukize huko huko. Chumbani unawafukuza, jikoni unawatega. Kila baada ya muda zivunjevunje kidogo, harufu itoke.

Paka_wa_Langoni
Hodi. Bi Vitumbua, mwenye paka ajihadhari na mafuta hayo ya chupa, ya karafuu na ya mnanaa. Ini la paka haliwezi kuyavunjavunja. Yakimgusa manyoya atajiramba, nayo ni sumu kwake. Na huku kwetu Lamu nani hana paka? Hiyo boriki pia iwe ndani ya ufa kabisa, pasipofika ulimi wa paka wala mkono wa mtoto.

Bi_Vitumbua
Paka ninao, na wa mtaa mzima huja kunipigia hodi kwa harufu ya samaki! Mafuta ya mnanaa nilikuwa nimemwagiza ndugu yangu wa Mombasa, nimempigia sasa hivi asilete. Boriki nitamwachia mume wangu, ngazi ndefu anayo. Chupa za jemu zipo, leo moja naiweka nyuma ya mtungi wa gesi. Nahodha, nawe samli wakopesha?