Mrija wa kiko umenyooka kwenye maji ya moto, naupindaje tena?

mjukuu_wa_kiko
Wakuu habari zenu. Nina kiko cha marehemu babu, kile cha mrija uliopinda, ukikiweka mdomoni kichwa kinashuka karibu na kidevu. Kilikaa kabatini miaka mingi, mrija ukawa na rangi ya kijani kijani na uchungu ukiugusa na ulimi, sasa jana nikauchomoa nikautumbukiza kwenye sufuria ya maji yanachemka ili usafike. Kuja kuutoa umenyooka kama rula, na umekuwa kahawia kama matope! Nikaupinda kwa mkono ukiwa wa moto ukakubali vizuri tu, nikauweka mezani, baada ya muda nakuta umerudi nusu. Nimeshauharibu? Nina mshumaa, kiberiti cha gesi na oveni ya umeme, nitumie kipi? Sitaki kununua mwingine maana huu una alama za meno yake pale kwenye ncha, zimefifia baada ya yale maji ila bado zinaonekana.

fundi_wa_mbao
Pole mkuu, hujauharibu. Hiyo ni eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu. Ukitaka uhakika usugue kwa nguvu na kitambaa mpaka upate joto halafu nusa, utasikia salfa. Hiyo rangi ya kijani na uchungu ni salfa hiyo hiyo imetoka juu kwa sababu ya mwanga na hewa.
Kilichotokea ni kwamba mrija ulitengenezwa umenyooka, ukapindwa baadaye kwa joto. Eboniti inakumbuka umbo lake la kwanza, ukiipasha inarudi huko. Na ndo maana alama za meno nazo zimefifia, meno yalibonyeza, joto linainua. Wengi wanapasha moto makusudi ili kuzifuta. Wewe unataka zibaki, kwa hiyo ncha isipate joto tena kabisa, na oveni iache maana inapasha mrija wote.

moshi_wa_jioni
Naongezea, kabla ya chochote ingiza kile kiwaya chenye manyoya cha kusafishia kiko, kipite kuanzia mwanzo hadi mwisho na ukiache humo humo wakati unapinda. Mimi niliupinda wangu bila waya, nje ukapendeza sana lakini tundu lilijikunja ndani kama mpira wa maji uliokanyagwa, kuvuta ikawa shida na waya haukupita tena. Nilikuwa nimetumia mshumaa pia, nikausogeza karibu sana, ukatoa harufu kali ya salfa na vipele vidogo vidogo juu. Ukisikia harufu hiyo ondoa haraka.

fundi_wa_mbao
Kweli kabisa, na kiberiti cha gesi usikiguse, moto wake unachoma sehemu moja. Kama unaweza kupata mashine ya kupuliza hewa moto ni bora, kama huna basi mshumaa ila juu sana, kama sentimita 15 kutoka kwenye moto.

Anza kwa kusugua ile kahawia na msasa laini wa maji, namba 600 halafu namba 1000, ukiacha ncha. Chora kwenye karatasi mkunjo unaoutaka. Funga ncha na kitambaa kilicholowa maji baridi, na ile sehemu inayoingia kwenye mbao nayo funga, ikilegea au kupinda kiko hakitakaa sawa. Kisha zungusha katikati ya mrija juu ya joto bila kusimama, dakika kadhaa, usiwe na haraka. Ukianza kulegea wenyewe, upinde taratibu juu ya kitu cha mviringo kama chupa, linganisha na mchoro, SHIKA hapo hapo mpaka uanze kuwa mgumu ndo uingize kwenye maji baridi. Wewe uliuachia bado wa moto, ndo maana ulirudi. Ukikosea pasha tena, utanyooka unaanza upya, hakuna hasara.
Na usiurudishe kwenye kiko ukiwa wa moto, utapasua shingo ya mbao.

kona_ya_tumbaku
Wenye mirija ya akriliki, ile plastiki ngumu, msifuate vipimo hivyo hivyo jamani. Ile inataka joto zaidi na subira zaidi, ukiilazimisha kabla haijalainika inakatika pwaa, ukiizidishia inatoa mapovu ndani na hayo hayatoki.

mjukuu_wa_kiko
Nimerudi wakuu. Nimetumia mshumaa, kitambaa nilikilowesha mara tatu maana kilikuwa kinakauka. Mara ya kwanza nilipinda kwenda pembeni, nikapasha ukanyooka, mara ya pili ukakaa. Nilihesabu mpaka 60 nimeshika ndo nikatia kwenye maji. Waya unapita bila kukwama. Mdomo wa mrija nimeulinganisha na ukingo wa kichwa, vimelala sambamba kama kwenye picha yake.
Zile alama zipo, mbili juu na moja chini. Nikikiuma meno yangu yanaangukia pembeni kidogo ya hapo, alikuwa anauma upande wa kushoto.