Bima tunayo, mbona mfukoni tunatoa zaidi kila mwaka?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja. Ada ya bima ya afya inakatwa kila mwezi bila kukosa, lakini siku ukiugua unaambiwa kuna fedha za kutoa kwanza. Ipo mipango ambayo hailipi kitu mpaka mwanachama amalize kiasi fulani kutoka mfukoni mwake ndani ya mwaka. Mingine inakuachia asilimia ya kila bili, mingine inatoza kila unapomwona daktari, na ipo yenye yote matatu.

Viwango hivyo vinapanda. Marekani, ambako mtindo huu umeota mizizi, kuna kikomo cha kisheria cha fedha anazoweza kudaiwa mtu mmoja kwa mwaka kwa huduma zilizomo katika bima yake, tena akitibiwa kwenye hospitali zenye mkataba na bima hiyo. Mwaka 2014 kikomo hicho kilikuwa dola 6,350. Mwaka 2024 kilikuwa dola 9,450. Ada ya kila mwezi haimo humo.

Msimamo wangu ni kwamba mzigo huu umewekwa kwenye bega lisilo lake. Mtu mzima wa afya hauoni. Anayeuona ni mwenye kisukari, mwenye figo, mama mwenye mtoto wa pumu: kila mwaka mpya hesabu inarudi sifuri naye anaanza kulipa upya. Watu wanachanga ili asiyeumwa amsaidie anayeumwa. Sasa mgonjwa akirudishiwa bili yake mwenyewe, tumemchangia nini?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuelewa ila sikubaliani nawe. Huduma ikiwa bure kabisa watu wanaitumia ovyo: mafua ya siku moja, vipimo vya kujiridhisha tu, dawa zinazoishia kabatini. Fedha hizo zinatoka kwenye mfuko wa wote. Na ukiondoa uchangiaji, yaani hizo fedha ambazo mgonjwa anatoa mfukoni, ada itapanda, na yule mwenye kipato kidogo atashindwa kabisa kuingia kwenye bima. Afadhali achangie akiugua kuliko akose bima.

Mleta mada

Ndugu, hoja yako ina uzito, na bahati nzuri imewahi kupimwa. Katika miaka ya 1970 taasisi ya RAND ya Marekani iligawa familia kwenye mipango tofauti ya bima kwa bahati nasibu. Nyingine zikatibiwa bure, nyingine zikachangia kwa viwango mbalimbali. Waliochangia walitumia huduma kidogo zaidi, hapo umepatia. Lakini walipunguza zilizohitajika sawasawa na zisizohitajika, kwa sababu mgonjwa hana elimu ya kutenganisha maumivu ya kifua ya kupuuza na yale ya kukimbilia hospitali. Watu wengi wa kawaida hawakudhurika kiafya kwa kupunguza huko. Walioumia ni maskini wenye shinikizo la damu: wenzao waliotibiwa bure walidhibiti shinikizo lao vizuri zaidi.

Hapo ndipo ninaposimama. Huwezi kuita matumizi ya ovyo dawa ya presha ambayo daktari mwenyewe ameagiza inywewe kila siku. Akiiacha kwa kukosa fedha, atarudi na kiharusi, na bili hiyo italipwa na mfuko uleule unaotaka kuulinda.

Ujerumani nayo ilianza mwaka 2004 kutoza euro 10 kwa kila robo mwaka mgonjwa anapomwona daktari. Tozo ikazaa makaratasi mengi kwenye kliniki, watu wakaendelea kwenda, na Bunge likaifuta kuanzia Januari 2013.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mnagombania nani alipe bili, na bili yenyewe hamuigusi. Ukihamisha gharama kutoka kwenye ada kwenda mfukoni, kipimo cha damu hakishuki bei. Japani serikali ndiyo inayopanga bei za matibabu na kuzipitia kila baada ya miaka miwili. Wengi huko wanachangia asilimia 30, ambayo si haba, lakini kuna kikomo cha kila mwezi kinachotegemea kipato. Serikali ilipotaka kukipandisha mwaka 2025, wagonjwa wa saratani na wa maradhi mengine ya muda mrefu walipaza sauti hadi mpango ukasimamishwa. Kikomo kinahitaji walinzi, wadau, hakijilindi chenyewe.

Mleta mada

Naafiki hoja ya bei, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa kuwa inagusa maslahi ya hospitali na viwanda vya dawa. Ila mgonjwa wa leo hawezi kungoja vita hiyo iishe. Ninachodai kinaweza kufanyika mapema: kikomo kifuate kipato cha mtu, kihesabiwe kwa mwezi badala ya mwaka, na dawa za maradhi ya kudumu zisitozwe kitu. Uchangiaji ubaki kwenye huduma ambazo kweli mtu anaweza kuziahirisha bila kudhurika.

Mchangiaji wa kwanza atasema ada itapanda. Ndiyo, itapanda, na niko tayari kuilipa sasa hivi nikiwa mzima na nina kipato. Wewe je, uko tayari?