Tupeane uzoefu: uliyekimbia km 42 za hisani hapa Bagamoyo, raundi ya pili uliipitaje?

Wakuu, salaam.

Jumapili iliyopita nilikimbia km 42 kwa mara ya kwanza maishani, kwenye tamasha letu la kuchangia vitanda vya kujifungulia vya zahanati. Mpaka leo mapaja yanauma na ngazi nazishuka kinyumenyume, lakini moyo umejaa, ndiyo maana naandika.

Kwa wasioijua njia: tulianza saa 12 asubuhi, tukapita Mji Mkongwe, tukatokea barabara ya Dar, tukaenda mpaka kuvuka Kiromo, tukageuza na kurudi. Hiyo ni 21. Wenzetu wa 21 wakifika wanavishwa medali, wanakaa kivulini. Sisi wa 42 tunapishana nao pembeni ya utepe na kuanza upya njia ileile. Harufu ya pilau inakufuata mpaka barabara kuu.

Raundi ya kwanza ni sherehe tupu. Ngoma zinalia, akina mama wanapiga vigelegele, watoto wa Kiromo wanapaza sauti "Simbu! Simbu!" kwa kila anayepita. Tangu Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia kule Tokyo mwaka 2025, akimzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita zote zile, kwa watoto wetu kila aliyevaa raba barabarani ni Simbu.

Raundi ya pili hakuna mtu. Jua limepanda, kusi linakupiga usoni njia nzima ya kwenda, na kilichobaki ni malori na wewe. Km 28 miguu ikagoma. Pumzi ninayo, kichwa kinataka, miguu haitaki. Nikajipa moyo kwamba meza ya maji iko mbele. Nilipofika nikakuta meza na maboksi matupu, wahudumu wameshaondoka.

Hapo ndipo mama mmoja muuza mihogo akaniita, "Mwanangu, njoo unywe." Akanichotea maji kwenye ndoo yake mwenyewe. Nilipotaka kumlipa alikataa. Akasema binti yake alijifungulia kwenye zahanati hiyohiyo mwaka jana, wakalala wawili kitanda kimoja, kila mmoja na kichanga chake. "Kimbia ukamalize," akaniambia. Nilimaliza saa 6 na dakika 10 mchana, nikitembea zaidi kuliko kukimbia. Maturubai yalikuwa yanakunjwa.

Yangu ndiyo hayo. Ninyi mliopita njia hii, raundi ya pili mliipitaje?

Mdau wa Dunda
Mimi nilijiandikisha 42 nikaishia 21. Pale kwenye utepe nilimwona mwanangu amenyoosha mikono, nikaenda kwake. Sijajuta. Hela yangu ya kujiandikisha ilikuwa imeshafika ilikokusudiwa.

Dada wa Magomeni
Hongera sana kaka. Mimi ni nesi na 42 nimekimbia mara mbili, kwa hiyo hilo la km 28 nalijua kwa kusoma na kwa mwili wangu. Mwili unahifadhi sukari kwenye misuli na ini, na akiba hiyo kwa wengi wetu inakwisha karibu na km 30. Ikiisha, mwili unageukia mafuta, nayo yanaungua polepole, ndiyo maana miguu inakuwa kama ya kuazima. Ukisubiri njaa ikuume umechelewa. Mimi sasa nabeba tende kwenye kimfuko, nakula mbili kila nusu saa kuanzia raundi ya kwanza, wakati bado najiona mzima kabisa.

La pili ni hili, naomba mlisome taratibu kwa sababu lilitaka kunimaliza. Mara ya kwanza niliogopa jua, nikanywa chupa nzima kila meza, na nyingine njiani. Kufika km 33 vidole vimevimba mpaka pete inabana, kichwa kizito, natapika maji matupu. Watu wakadhani nimeishiwa maji wakataka kuninywesha zaidi! Kumbe nilikuwa nimeyazidisha, chumvi kwenye damu ikashuka. Hali hiyo inaua, si mchezo. Pwani yetu hewa ni nzito, jasho linachuruzika bila kukauka, unapoteza maji na chumvi vyote pamoja. Kunywa kwa kufuata kiu, na katikati ya safari unywe yenye chumvi na sukari. Wala usianze kujaribu siku ya mbio, jaribu kwenye mazoezi yako.

Mkimbiaji wa Kaole
Naongeza moja tu: mafuta ya mgando. Kwapani, mapajani, kwenye chuchu. Fulana mpya ya tamasha ikilowa jasho na chumvi inachuna ngozi. Mimi nilimaliza na damu kifuani, mke wangu akaangua kilio akidhani nimeanguka.

Mzee wa Mji Mkongwe
Wanangu, nimewasoma wote. Mwaka 1968 kule Mexico, kwenye marathoni ya Olimpiki, John Stephen Akhwari wetu alianguka, goti likateguka, likafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani giza limeshaingia, wa mwisho kati ya waliomaliza. Walioshinda siku ile wengi wetu hatuwakumbuki, yeye tunamsimulia mpaka leo. Kwa hiyo anayemaliza nyuma asijione mdogo.

Sasa nieleze jambo lililonileta hapa. Meza ya tatu, kabla ya Kiromo, ilikuwa chini yangu. Maji yaliletwa ya kutosha. Ila wa 21 walichukua chupa mbilimbili, wengine wakajimwagia kichwani, nasi tukawaachia kwa kuwa tulifurahi kuwaona wengi. Saa 3 na nusu maboksi yakaisha. Nikamuuliza kijana mmoja, akasema wa 42 wote wamepita. Nikaondoka. Mwanangu mleta mada, meza uliyoikuta tupu ni yangu.

Mleta mada
Shikamoo mzee wangu. Usiseme hivyo. Ulisimama pale tangu alfajiri na umri wako.

Mzee wa Mji Mkongwe
Marahaba. Nilisimama, lakini niliondoka mapema. Mwakani nataka maboksi manne yatengwe na kufungwa kamba, yasiguswe mpaka wa raundi ya pili waanze kupita. Na namba zenu za kifuani tuziandike kila mnapopita, ili mtu asiniambie tena "wamepita wote."

Kijana wa bodaboda, Nianjema
Kaka, ni mimi niliyekuwa nyuma yako. Nilipewa kazi ya kumfuata wa mwisho kuanzia pale mnapogeuzia. Nilikaa mbali kidogo makusudi, maana niliona ukiisikia pikipiki karibu unageuka kuitazama, nikajua ikikaa karibu utapanda. Ulipoikamata kona ya kuingia mjini nilipiga honi kwa furaha, sijui kama uliisikia.

Mleta mada
Niliisikia ndugu yangu. Nilidhani ni gari linataka nipishe. Ahsante, kwa kweli sina neno.

Jumamosi napeleka mchele na mafuta kwa yule mama wa mihogo Kiromo, anayetaka kufuatana nami aseme. Mzee, hilo la maboksi kufungwa nitalisema kwenye kikao cha kamati, na ukiweza kuja itapendeza ulieleze mwenyewe.

Mzee wa Mji Mkongwe
Nitakuja inshallah.

Mdau wa Dunda
Mwakani naingia tena, na safari hii napita pembeni ya utepe. Dada nesi, hiyo ya chumvi na sukari unachanganya kiasi gani?

Dada wa Magomeni
Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko vya kupima kwa kufuta juu, si kwa kurundika. Onja kabla ya kutoka nyumbani: isiwe na chumvi kupita machozi.